DARSA YA UKHALIFA: MAHALI PA MTUME NA MAHALI PA SHEIKH

Kwa jina la Mwenyezi Mungu twaanza, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad.

Ewe ndugu msomaji, jua ya kwamba mas'ala haya tunayoyaleta hayakukaa vitabuni tu. Ni mas'ala ya barazani na ya matangani. Sheikh akifariki katika miji yetu ya Kusini, tangu Lindi na Kilwa hata bara ya Nachingwea na Ruangwa, watu humwosha, wakamsalia, wakamzika, kisha wakaketi matanga. Na khitima haijasomwa wameanza kunong'onezana. Nani atashika mahali pake? Nani ataongoza zikiri usiku wa Ijumaa? Nani atawapa watu uradi? Nani ataketi mbele siku ya Maulidi? Mara nyingi maneno hayo huanza kwa heshima yakaisha kwa jamaa moja kugawanyika misikiti miwili.

Tuifanye Chiola kuwa mfano wetu, kwani ni mji wa bara, na bara ya Lindi ina jambo ambalo watu wa pwani hulisahau. Wamwera, Wayao na Wamakua huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Zilipokuwako enzi za majumbe, kabla serikali ya Tanganyika haijaziondoa mwaka wa 1963, mkubwa akifa hakurithiwa na mwanawe wa kumzaa. Alirithiwa na ndugu yake wa tumbo moja, au na mtoto wa dada yake. Na mrithi hakuchukua kiti tu, alichukua na jina. Ndipo ukasikia jina kama Mataka, katika Wayao wa ng'ambo ya Ruvuma, limeitwa mtu huyu, na baada yake huyu, na baada yake huyu, kana kwamba aliyekufa hakufa. Pwani sivyo. Pwani watu wamezoea kuona mwana akikaa mahali pa baba.

Basi tuseme sheikh amekufa Chiola, naye ameacha mwana, na mpwa, na mwanafunzi. Mwana asema: Mimi ni damu yake. Wazee wa ukoo wasema: La, mwana ni wa ukoo wa mamaye; mwenye haki ni mpwa. Na mwanafunzi aliyemchukulia sheikh buli la udhu miaka ishirini amenyamaza pembeni, lakini wenziwe wanamsemea. Yupi mwenye haki?

Hatuwezi kujibu mpaka tutazame kwanza yaliyotokea alipofariki yeye aliye bora kuliko masheikh wote.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alifariki Madina siku ya Jumatatu, katika Mfungo Sita, mwaka wa 11 wa Hijra, ndio mwaka wa 632 wa Masihi. Alifariki chumbani mwa Bibi Aisha. Alipozidiwa na maradhi, hata hakuweza kutoka kusalisha, aliamrisha Abu Bakari awasalishe watu. Siku alipokata roho Abu Bakari alikuwa ametoka kwenda kwake Sunhi, kando ya mji. Msikitini watu walitaharuki. Sayyidna Umar, pamoja na ushujaa wake wote, hakukubali. Alisimama akisema Mtume hakufa, amekwenda kwa Mola wake kama Nabii Musa alivyokwenda, na atarudi. Abu Bakari akaja, akapita bila kusema na mtu, akaingia chumbani, akamfunua uso, akambusu, akalia. Kisha akatoka akawaambia watu maana ya maneno haya: aliyekuwa akimwabudu Muhammad ajue Muhammad amekufa, na anayemwabudu Mwenyezi Mungu ajue Mungu yu hai wala hafi. Akawasomea na aya ya Kurani inayosema ya kuwa Muhammad ni mtume, na mitume wamepita kabla yake. Umar akasema baadaye ya kuwa miguu yake haikumchukua, alianguka chini, kama kwamba hakupata kuisikia aya ile kabla ya siku hiyo.

Litafakari jambo hili, ewe ndugu. La kwanza lililofanywa siku ile lilikuwa kukubali ya kuwa aliyekufa amekufa. Neno la nani ashike mahali pake lilikuja baada ya hapo. Hakuna aliyeambiwa, Wewe sasa ndiwe Muhammad, kama anavyoambiwa mrithi wa jumbe, Wewe sasa ndiwe fulani. Mlango wa utume ulifungwa, na jina halikurithiwa.

Lakini watu hawakuweza kukaa bila kiongozi hata usiku mmoja. Ansari, wenyeji wa Madina, walikusanyika katika banda la Banu Saida, wakamzunguka Saad bin Ubada, mkubwa wa Khazraji, naye alikuwa mgonjwa amejifunika nguo. Abu Bakari, Umar na Abu Ubaida bin Jarrah wakawaendea. Maneno yakawa makali. Ansari walisema wao ndio waliompokea Mtume na kumnusuru. Mmoja wao, Hubabu bin Mundhir, akatoa shauri la kuwa na maamiri wawili, mmoja wa kwao na mmoja wa Muhajirina. Abu Bakari akakiri fadhili za Ansari zote, hakuipunguza hata moja. Kisha akasema Waarabu hawatamkubali mtu asiye Kureshi, akawashika mkono Umar na Abu Ubaida, akasema, Chagueni mmoja katika hawa. Umar akamwambia, Nyosha mkono wako wewe. Akapewa baia pale pale, na kesho yake watu wote wakampa baia msikitini.

Wako wanaoisimulia habari hii kama kwamba ilikuwa laini tangu mwanzo hata mwisho. Haikuwa hivyo, wala haimpunguzii heshima Sahaba yeyote kuisema ilivyokuwa. Sayyidna Umar mwenyewe, siku za ukhalifa wake, alikiri mimbarini ya kuwa baia ya Abu Bakari ilikuja kwa ghafula, na Mungu akaiepusha shari yake, na akaonya mtu asije akampa mwingine baia namna hiyo pasipo kuwashauri Waislamu. Na saa ile ya banda la Banu Saida, Sayyidna Ali na jamaa wa Mtume walikuwa wanashughulika na maiti, kumwosha na kumkafini. Ali alitoa baia yake baadaye. Na riwaya iliyo mashuhuri kwetu yasema ni baada ya kufa Bibi Fatima, yapata miezi sita.

Hapa ndipo umma ulipogawanyika, na sisi watu wa pwani hatuna haja ya kusafiri kwenda kuyaona mafungu yake, kwani tumekaa nayo mtaa mmoja. Khoja Ithnaashiri, mwenye duka, akuambia Mtume alikwisha mtaja Ali pale Ghadir Khum, tarehe 18 ya Mfungo Tatu mwaka wa 10, na uimamu ni wa kutajwa na aliyetangulia. Ulamaa wetu wa Sunna hawaikani siku ile ya Ghadir. Husema ya kuwa aliyosema Mtume yalikuwa ya kumpenda Ali na kumnusuru, siyo ya kumpa utawala. Ismailia nao wameushika mwendo huo wa kutajwa mpaka leo. Aga Khan wa tatu alipofariki mwaka wa 1957 wasia wake uliwapita wanawe, ukamtaja mjukuu wake Karim. Akakalishwa kitini Dar es Salaam mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, watu wa pwani wakaona kwa macho yao. Naye alipofariki Februari 2025 wasia ukamtaja mwanawe Rahim.

Na Ibadhi, jamaa zetu wenye asili ya Omani, wanasema kinyume cha hayo: imamu huchaguliwa na Waislamu kwa ilimu na uchaji wake, awe Kureshi au asiwe. Omani ya ndani mwaka wa 1913 walimchagua Salim bin Rashid Al-Kharusi. Alipouawa mwaka wa 1920 wakamchagua Muhammad bin Abdallah Al-Khalili. Na alipofariki huyo mwaka wa 1954 wakamchagua Ghalib bin Ali Al-Hinai. Kharusi, Khalili, Hinai: hapana baba na mwana hapo. Usiuchanganye uimamu huu na usultani wa Unguja. Usultani ni ufalme, na ufalme una mizinga. Sayyid Khalid bin Barghash alijikalisha kitini Agosti 1896 alipokufa Sayyid Hamad bin Thuwaini, na siku mbili baadaye Waingereza wakampigia jumba kwa manowari zao, kwa muda usiotimia saa moja.

Sisi Sunna na Shafii twasema mwendo wa makhalifa wanne watutosha kuwa mwalimu. Utazame vyema. Abu Bakari alichaguliwa na watu. Alipokuwa anakufa mwaka wa 13 wa Hijra akawashauri wakubwa wa Sahaba, kisha akamtaja Umar. Hakumtaja mwana wala ndugu. Umar alipopigwa jambia mwaka wa 23 aliuacha ukhalifa katika mashauri ya watu sita: Uthmani, Ali, Talha, Zuberi, Abdurahmani bin Auf na Saad bin Abi Wakkas. Mwanawe, Abdallah bin Umar, alikuwa mtu wa ilimu na ibada, wala hapana aliyemtia ila. Umar akasema ahudhurie mashauri, lakini asichaguliwe. Hakuna haja ya kuongeza neno. Ukhalifa ulianza kushuka kwa mwana alipoushika Muawia akamwekea Yazidi, na tangu hapo ulamaa wengi wameuita ufalme.

Mas'ala: Ikiwa utume haukurithiwa, ni kitu gani kilichopita kutoka kwa Mtume?

Jawabu: Si mali. Mitume hawaachi dinari wala dirhamu. Bibi Fatima alipodai fungu lake katika ardhi ya Fadaki, Abu Bakari alimjibu kwa hadithi hiyo, na Bibi alikasirika. Nasi twalitaja kwa adabu na kulipita. Kilichobaki ni amana, nayo ilikuwa ya namna mbalimbali. Kulikuwa na amana ya kuhukumu na kuongoza watu. Hiyo ndiyo waliyoishika makhalifa. Kulikuwa na amana ya ilimu ya sheria. Hiyo ilichukuliwa na kila Sahaba kwa kadiri ya chombo chake. Na kulikuwa na amana ya kuzitengeneza nyoyo, zikiri na kuisafisha nafsi; na hiyo ndiyo wanayodai masheikh wa tarika kuwa imewafikia mkono kwa mkono.

Basi tazama ajabu hii. Muridi wa Kadiria wa Lindi ni Sunni, anamkubali Abu Bakari kuwa khalifa wa kwanza bila shaka yoyote. Lakini mwambie akusomee silsila yake, atapanda kwa Sheikh Abdulkadir Jilani wa Bagdadi, aliyefariki mwaka wa 561 wa Hijra (1166), atapita kwa Junaidi, na mwisho atafika kwa Sayyidna Ali. Muridi wa Shadhilia naye atafika kwa Ali, kwa njia ya mwanawe Hasan. Hapana kupingana hapo. Mmoja alipewa kuongoza jamaa, na mwingine alipewa ilimu ya siri. Na wala Ali hakuudai huo wa pili kuwa hoja ya kuubatilisha ule wa kwanza. Mtu aweza kuwa amiri asiwe sheikh, na aweza kuwa sheikh asiwe hata na baraza la kukalia.

Wako wanaosema tarika zote ni uzushi. Hao tutasema nao siku nyingine. Leo twasema na wenye tarika, kwani ndio wanaogombana.

Katika tarika mambo ni matatu: baia, ijaza na silsila. Baia ni kupana mkono, muridi na sheikh wake, kwa ahadi ya kutii na kudumu katika uradi. Ijaza ni ruhusa ya kuwapa wengine. Kila khalifa alianza kuwa muridi, lakini si kila muridi huwa khalifa. Na silsila ni majina ya waliopokezana, pete katika pete, hata kwa Mtume. Pete moja ikikosekana mnyororo wote umekatika, hata uwe wa dhahabu.

Kadiria ilienezwa sana pwani yetu na Sheikh Uwesi bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa mwaka wa 1847. Alikwenda Bagdadi kwenye kaburi la Sheikh Abdulkadir, akapewa ijaza kule na watu wa nyumba ya Jilani, akarudi. Alifika Unguja siku za Sayyid Barghash, akawapa watu wengi ijaza, na hao wakaichukua zikiri mpaka bara. Aliuawa mwaka wa 1909 kwao Banadiri, na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hasan. Alipokufa hakuacha kiti kimoja ambacho watu wangekigombania, kwa sababu alikuwa amekwisha kuigawa amana akiwa hai. Waliopewa Unguja hawakumngoja mtu wa Barawa awaambie wasome au wasisome.

Na kama wataka kuona ijaza haiulizi ukoo, tazama Bagamoyo. Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu humwita Sheikh Ramia, asili yake ni Manyema, Kongo ya mashariki. Aliletwa pwani utotoni, naye ni mtumwa. Hakuwa na ukoo wa kumsemea, wala wa baba wala wa mama. Wajomba zake walikuwa mwendo wa miezi. Alisoma, akasomesha, akapewa ijaza ya Kadiria, akawa khalifa mkubwa, na waungwana wa mji wakaja kumbusu mkono. Alifariki mwaka wa 1931. Mahali pake akakaa mwanawe, Sheikh Muhammad.

Najua msomaji atanikamata hapo: Mbona ni mwana? Na Kilwa vilevile: Shadhilia ilishuka kwa Sheikh Ali Nuruddin Yashruti, aliyefariki Akka mwaka wa 1899, ikafika Ngazija, ikaenezwa na Sayyid Muhammad Maarufu wa Moroni, aliyefariki mwaka wa 1905, kisha bara yetu ikashikwa na Sheikh Husein bin Mahmud wa Kilwa, na baada yake mwanawe, Sheikh Nurudin. Je, si urithi huo?

Jawabu ni kuwa mwana hakukatazwa. Nabii Suleiman alikaa mahali pa Nabii Daudi baba yake. Nabii Musa aliandamiwa na Yushaa, mtumishi wake aliyesafiri naye, wala si mwanawe. Yote mawili yamekuwa. Mwana wa sheikh amelala nyumba moja na ilimu; amesikia uradi kabla hajajua kusema; baba akimsomesha na kumjaribu na kumpa ijaza mbele ya watu, huyo ni khalifa halali, na kuwa kwake mwana hakumzidishii wala hakumpunguzii. Lakini aliyelala nyumba moja na ilimu bila kuisoma amelala tu. Nami nakiri, katika kuona kwangu, mwendo wa kumweka mwana una hatari kwa kuwa ni mwepesi: mara ya kwanza watu humkubali mwana kwa sababu ana ijaza, mara ya pili humkubali kwa sababu ni mwana, na mara ya tatu hakuna aulizaye ijaza iko wapi.

Kuna mlango mwingine wa madai, nao ni ndoto. Mwaka wa 1908 ulienea pwani ya Kusini, na Lindi hasa, ule waraka ulioitwa Waraka wa Makka. Ulisema ya kuwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, alimwona Mtume usingizini, akapewa maagizo ya kuwaonya Waislamu kwamba mwisho u karibu. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, watu wamekufa kwa risasi na kwa njaa, na waliosalia walikuwa tayari kusikia habari hiyo. Misikiti ikajaa, na serikali ya Wadachi ikaingiwa na hofu. Ni katika miaka ile na iliyofuata ndipo watu wengi wa bara, Wamwera na wenzao, walipoingia katika Uislamu, kwa mkono wa walimu wa vijijini waliojua sura chache na kuzifundisha kwa uaminifu. Tofauti yao na ule waraka ni hii: mwalimu wa kijijini ungeweza kumwuliza, Ulisoma kwa nani? naye akakutajia mtu, mji na msikiti. Waraka haukuwa na wa kuulizwa. Anayesema sheikh marehemu amemjia usingizini akampa ukhalifa, ndoto yake na iwe yake, sisi hatukuwapo.

Sasa turudi Chiola, kwenye yale matanga.

Mpwa hana ukhalifa kwa upwa wake. Hiyo ni haki ya ujumbe, na ujumbe wenyewe umekwisha. Lakini asitolewe kwa kuwa ni mpwa pia. Akiwa ni yeye aliyepewa ijaza, wana wa marehemu na wampe mkono. Mwana hana ukhalifa kwa uwana wake. Na mwanafunzi naye, asidhani miaka ishirini ya kuchukua buli ni ijaza. Utumishi ni utumishi, na thawabu yake iko kwa Mungu. Swali ni moja kwa wote watatu: Nani alipewa, mbele ya nani? Wakipatikana mashahidi wawili waadilifu waliosikia, maneno yamekwisha. Wakitajwa watu wawili wenye ijaza, hapana dhara. Tarika hubeba makhalifa wawili katika mji mmoja, mradi kila mmoja asiwakataze watu kwenda kwa mwenziwe. Ikiwa sheikh amekufa wala hakumpa mtu, basi jamaa wasijichagulie kwa kelele. Na wapeleke watu kwa khalifa wa silsila ile ile, Lindi au Kilwa au popote alipo, awajaribu wanaostahili na kumpa mmoja. Katika muda huo sala haingoji: imamu ni yule aliye msomi zaidi wa waliohudhuria, na uradi kila mtu ausome peke yake nyumbani.

Yamebaki mambo madogo ambayo aghalabu ndiyo yaletayo vita. Karatasi ya ijaza ya marehemu, na tasbihi yake, na kanzu zake, ni mali ya warithi. Zigawanywe kwa sheria ya mirathi, mjane apate thumuni yake, na wana mafungu yao, mume mafungu mawili na mke moja. Aliyeipata karatasi hiyo ameipata kama alivyopata kanzu. Bendera na madufu yaliyonunuliwa kwa mchango wa jamaa si ya warithi, yakae msikitini. Na siku ya Maulidi mwana wa marehemu akaribishwe mbele kwa heshima ya baba yake, mpwa aketi pamoja naye, na mwenye ijaza ndiye aanze kusoma.